Umenunua kitu mtandaoni kikaharibika: haki zako ukiwa Gitega au Muyinga

Picha ya simu kwenye WhatsApp ilikuwa nzuri. Muuzaji alijibu haraka, ukatuma pesa kwa Lumicash, na mzigo ukafika na gari la jioni. Baada ya wiki mbili simu haichaji tena. Unamwandikia muuzaji, anasoma na hajibu. Akijibu, anasema: "Kilichouzwa hakirudi."

Watu wengi huishia hapo. Wakimbizi hudhani kwamba sheria haiwahusu kwa sababu wao ni wageni. Wenyeji hudhani kwamba mtu aliyenunua kwa picha amejitakia mwenyewe. Mawazo yote mawili si sahihi. Makala hii inaeleza sheria inasema nini, nani anaweza kuitumia, na hatua gani za kufuata ili upate pesa yako, au sehemu yake, bila ugomvi.

Kwa ufupi

- Muuzaji anawajibika kwa kasoro iliyofichika ambayo ilikuwepo wakati wa kuuza, hata kama aliuza kupitia simu au Facebook.
- Una chaguo mbili: kurudisha kitu na kudai bei yote, au kubaki nacho na kudai sehemu ya bei.
- Mkimbizi anaruhusiwa kwenda mahakamani Burundi kama raia.
- Ukichelewa kulalamika, unaweza kupoteza haki yako. Andika siku unapoiona kasoro.
- Usifute mazungumzo ya simu wala ujumbe wa malipo. Huo ndio ushahidi wako.

Ununuzi wa mtandaoni ni upi?

Si lazima uwe umetumia tovuti kubwa au kadi ya benki. Katika Gitega na Muyinga, ununuzi mwingi wa mtandaoni hufanyika hivi: mtu anaona tangazo kwenye kundi la WhatsApp, status, Facebook au TikTok, anakubaliana bei kwa ujumbe, analipa kwa simu, kisha mzigo unaletwa na dereva, moto au mtu anayesafiri. Wengine huagiza kwa mfanyabiashara anayevuka mpaka wa Kobero kwenda Tanzania. Wengine hununuliwa na ndugu aliyeko Ulaya au Marekani.

Yote hayo ni mauzo. Mkataba wa mauzo hauhitaji karatasi yenye muhuri. Watu wawili wakikubaliana juu ya kitu na juu ya bei, mauzo yamefanyika. Karatasi, fakitire na ujumbe wa simu vinasaidia kuthibitisha makubaliano hayo pale mmoja anapoyakana.

Sheria ya Burundi inasema nini?

Msingi upo katika kitabu cha tatu cha kanuni ya sheria za kiraia, kinachohusu mikataba. Kitabu hicho kinatokana na amri ya tarehe 30 Julai 1888, iliyoandikwa kwa ajili ya Kongo ya Mfalme Léopold wa Pili, kisha ikaletwa Burundi wakati wa utawala wa Ubelgiji. Kongo pia inatumia amri hiyohiyo. Kwa hiyo mtu aliyekimbia kutoka Uvira, Fizi au Bukavu hakuacha kanuni hii nyuma yake: ameikuta tena upande huu wa mpaka.

Sheria ya 1888 haikujua intaneti, lakini haihitaji kuijua. Inampa muuzaji yeyote wajibu mkubwa wa aina mbili. Wa kwanza ni kukabidhi kitu kilichokubaliwa. Wa pili ni kumhakikishia mnunuzi kwamba kitu hicho hakina kasoro zilizofichika.

Kuhusu wajibu wa kwanza: kama mlikubaliana simu yenye kumbukumbu ya GB 128 na umeletewa ya GB 32, au umeagiza paneli ya sola mpya na umepata iliyotumika, muuzaji hajakukabidhi ulichonunua. Hapo huhitaji hata kuzungumzia kuharibika. Onyesha tangazo na onyesha kilichofika.

Kuhusu wajibu wa pili, kasoro inamhusu muuzaji ikiwa na mambo matatu:

1. Ilikuwa imefichika. Mtu wa kawaida asingeiona kwa kukagua kitu hicho. Kioo kilichopasuka wakati unapokea si kasoro iliyofichika. Betri inayovimba ndani ya simu ni kasoro iliyofichika.
2. Ilikuwepo wakati wa kuuziana, hata kama ilijitokeza baadaye. Simu uliyoiangusha majini mwenyewe haimhusu muuzaji.
3. Ni nzito. Inafanya kitu kisifae kwa kazi yake, au inapunguza matumizi kiasi kwamba ungejua usingenunua, au ungelipa bei ndogo zaidi.

Mambo hayo matatu yakitimia, uamuzi ni wa mnunuzi. Anaweza kurudisha kitu na kurudishiwa bei, au kubaki nacho na kurudishiwa sehemu ya bei.

Tuchukue mfano. Mama mmoja katika kambi ya Kinama, Muyinga, ananunua simu kwa faranga 300,000 kutoka kwa muuzaji wa Gitega. Baada ya wiki tatu simu inazimika kila inapopata joto. Fundi anasema ubao wa ndani uliwahi kutengenezwa vibaya zamani. Mama huyo anaweza kurudisha simu na kudai 300,000. Lakini kama simu bado inapiga na kupokea, na yeye anaihitaji ili kuwasiliana na watoto wake, anaweza kusema: "Ninabaki nayo, unirudishie 100,000." Mara nyingi njia hii ya pili humaliza jambo haraka, kwa sababu muuzaji hatoi pesa yote na mnunuzi halipi nauli ya kurudisha mzigo.

Sheria inatofautisha pia muuzaji aliyejua na asiyejua. Asiyejua kasoro anarudisha bei na gharama ambazo mauzo yalimsababishia mnunuzi. Aliyejua na akanyamaza anaweza kulipa zaidi: hasara nyingine zilizotokana na kasoro hiyo. Mfano ni chaja mbovu iliyounguza redio na godoro la mnunuzi, huku muuzaji akijua kwamba chaja za aina hiyo zilisharudishwa na wateja wengine.

Kuna sharti moja muhimu sana. Kesi lazima ifunguliwe ndani ya muda mfupi, kulingana na aina ya kasoro na desturi ya mahali. Sheria haikutaja idadi ya siku. Atakayeamua ni hakimu. Ndiyo maana tunashauri uandike kwa muuzaji siku ileile unapoona kasoro. Ukikaa miezi sita bila kusema neno, hata mwenye haki anaonekana kama aliyekubali.

"Bidhaa ikiuzwa hairudishwi": maneno haya yana nguvu?

Utayaona kwenye fakitire, kwenye ukuta wa duka na chini ya matangazo ya WhatsApp. Nguvu yake ina mipaka.

Ukibadili mawazo tu, kwa mfano rangi haikupendezi, muuzaji wa hapa anaweza kukataa kupokea kitu. Kununua mtandaoni peke yake hakumlazimishi kukirudisha kwa sababu hiyo.

Lakini kukiwa na kasoro iliyofichika, mambo ni tofauti. Muuzaji asiyeijua kasoro anaweza kuwa ameweka sharti la wazi kwamba hatoi dhamana yoyote, na sharti hilo likamlinda. Muuzaji aliyeijua hawezi kujificha nyuma ya sharti hilo. Hapo ndipo umuhimu wa kuuliza kabla ya kulipa: "Simu hii imewahi kufunguliwa? Betri ni ya asili? Ina tatizo lolote?" Akijibu kwa maandishi "haina tatizo lolote", amekupa ushahidi ambao utakusaidia baadaye.

Je, mkimbizi ana haki sawa na raia?

Katika jambo hili, ndiyo. Mkataba wa mwaka 1951 unaohusu hali ya wakimbizi, ambao Burundi ilijiunga nao mwaka 1963, unasema katika kifungu cha 16 kwamba mkimbizi ana uhuru wa kufika mbele ya mahakama. Katika nchi anamoishi, anatendewa kama raia kuhusu kufika mahakamani na kupata msaada wa kisheria. Burundi ina pia sheria yake ya tarehe 13 Novemba 2008 juu ya hifadhi na ulinzi wa wakimbizi.

Maana yake ni kwamba muuzaji hawezi kukwambia: "Wewe ni mkimbizi, utanishtaki wapi?" Na pia mkimbizi anayeuza bidhaa hawezi kusema: "Mimi ni mkimbizi, sheria za hapa hazinihusu." Haki na wajibu vinaenda pamoja.

Vilevile Umoja wa Mataifa una miongozo ya kumlinda mlaji, iliyopitishwa mwaka 1985 na kufanyiwa marekebisho mwaka 2015. Miongozo hiyo inasema kwamba anayenunua mtandaoni asipate ulinzi mdogo kuliko anayenunua dukani. Si sheria ya kumfunga muuzaji moja kwa moja, lakini inaonyesha jinsi serikali zinavyotakiwa kulitazama jambo hili.

Garanti ni kitu gani, na inatofautianaje na sheria?

Garanti ni ahadi ya ziada ya muuzaji au kiwanda: "Ikiharibika ndani ya miezi 12, tutaitengeneza." Hiyo ni nyongeza. Kukosa garanti hakufuti wajibu wa muuzaji kwa kasoro zilizofichika, na garanti kuisha hakumaanishi kwamba muuzaji aliyekudanganya ameponyoka.

Angalia mambo manne kwenye garanti yoyote:

- Nani anaitoa: duka, au kiwanda?
- Inaanza lini? Bila tarehe ya kununua kwenye fakitire, garanti ni vigumu kuidai.
- Inafanya kazi katika nchi gani? Garanti nyingi za simu hutumika tu katika nchi ambako simu iliuzwa rasmi. Simu iliyoletwa kutoka Dubai au Dar es Salaam inaweza isihudumiwe Burundi.
- Inaacha nini nje? Kwa kawaida maji, kuanguka, na simu iliyofunguliwa na fundi wa nje.

Kwa taa na vifaa vidogo vya sola, tafuta vile vilivyopimwa chini ya mpango wa ubora wa VeraSol, uliochukua kazi ya Lighting Global. Kimoja cha masharti ya ubora huo ni garanti ya angalau mwaka mmoja kwa mnunuzi. Kwa familia inayotegemea taa moja ya sola usiku, sharti hilo lina thamani kuliko punguzo la bei.

Hatua za kufuata kitu kikiharibika

Hatua ya 1: Acha kukitumia, kusanya ushahidi.
Piga picha na video fupi inayoonyesha tatizo. Hifadhi picha za skrini za tangazo, mazungumzo, bei mliyokubaliana, namba ya muuzaji na ujumbe wa malipo wenye namba ya muamala. Kama ni simu, piga *#06# uandike namba ya IMEI inayotokea. Tuma nakala kwa mtu unayemwamini, kwa sababu ushahidi ukiwa ndani ya simu iliyokufa, umekufa nayo.

Hatua ya 2: Usifungue mwenyewe.
Ukipeleka kwa fundi wa sokoni akafungua kabla muuzaji hajajua, muuzaji atasema fundi ndiye aliyeharibu. Mwarifu muuzaji kwanza. Akikataa kushughulika, ndipo umpeleke fundi, na umwombe aandike mistari michache: tatizo ni nini, na kama linaonekana kuwa la zamani. Fundi aandike tarehe na jina lake.

Hatua ya 3: Mwandikie muuzaji.
Kupiga simu ni vizuri, lakini maneno ya simu hayabaki. Baada ya kupiga, andika. Sema unachotaka na utoe muda unaofaa, kwa mfano siku saba. Usitukane wala kutishia. Ujumbe huo unaweza kusomwa na wazee au hakimu. Unaweza kutumia mfano huu:

"Habari ndugu. Tarehe 4 nilinunua kwako simu kwa faranga 300,000, nikalipa kwa Lumicash (namba ya muamala ninayo). Tangu tarehe 20 simu inazimika yenyewe kila baada ya dakika chache. Haijaanguka wala kuingia maji. Nakutumia video. Naomba unirudishie pesa na mimi nikurudishie simu, au tukubaliane punguzo la bei. Naomba jibu lako kabla ya tarehe 28. Asante."

Kama muuzaji anaelewa Kirundi vizuri zaidi, mwombe jirani akusaidie kuutafsiri.

Hatua ya 4: Kubalianeni jinsi ya kurudisha.
Usitume simu bila kukubaliana kwanza nani analipa nauli na pesa itarudi lini. Ukimpa dereva mzigo, piga picha ya mzigo na ya gari, na umwombe dereva athibitishe kwa ujumbe kwamba ameupokea. Kabla ya kuituma, toa laini na kadi ya kumbukumbu, hamisha picha na hati zako, kisha toka kwenye akaunti zako. Wengi huhifadhi ndani ya simu picha za kadi ya mkimbizi, barua za kesi ya hifadhi na namba za jamaa walioko nyumbani. Hayo yasifike kwa mtu usiyemjua.

Hatua ya 5: Tafuta msuluhishi.
Burundi ina desturi ndefu ya kupatanisha watu kabla ya mahakama, kupitia bashingantahe na baraza la wazee wa kilima au mtaa. Ndani ya kambi, unaweza kuanzia kwa kamati ya wakimbizi. Kama muuzaji ni mwenyeji na mnunuzi ni mkimbizi, ni vizuri wawepo wazee wa pande zote mbili, ili mmoja asione ameonewa. Mkikubaliana, andikeni: kiasi, tarehe ya kulipa, sahihi, mashahidi.

Hatua ya 6: Mahakama.
Usuluhishi ukishindikana, mahakama ya karibu zaidi na wananchi ni mahakama ya makazi, inayoitwa kwa Kifaransa tribunal de résidence, iliyoko katika komine. Kwa kawaida kesi hupelekwa kwenye mahakama ya eneo anakoishi anayeshtakiwa. Kwa hiyo mnunuzi wa Muyinga anayemdai muuzaji wa Gitega ajue kwamba huenda akahitajika kusafiri. Ukiishi kambini, omba kibali cha kutoka mapema. Kesi huendeshwa kwa Kirundi au Kifaransa. Kama huelewi, sema tangu mwanzo kwamba unahitaji mkalimani.

Hapa inafaa kupiga hesabu bila aibu. Ukidai faranga 40,000, na nauli, gharama za kesi na siku za kazi zilizopotea zinafika 60,000, mahakama haitakufaidisha hata ukishinda. Kwa madai madogo, mkazo uwe kwenye hatua ya 3, 4 na 5. Kwa madai makubwa, au pale muuzaji mmoja amewaumiza watu wengi, mahakama ina maana. Wanunuzi wengi wakiwa na malalamiko yaleyale juu ya muuzaji mmoja, ushahidi wa mmoja unasaidia wa mwingine.

Nililipa kwa Lumicash au EcoCash: kampuni inaweza kunirudishia?

Kwa kawaida, hapana. Kampuni ya pesa ya simu haihukumu ubora wa bidhaa. Ukituma pesa kwa namba isiyo sahihi, piga haraka huduma kwa wateja; kama pesa haijatolewa, huenda ikazuiwa. Lakini ukituma kwa mtu uliyekusudia, halafu bidhaa ikawa mbovu, hilo ni jambo kati yako na muuzaji. Kampuni inakusaidia kwa kitu kimoja kikubwa: kumbukumbu ya muamala.

Tatizo kubwa zaidi kwa wakimbizi ni jina. Wengi hawana laini iliyoandikishwa kwa jina lao, kwa hiyo hulipa kupitia simu ya jirani au ya wakala. Siku ya ugomvi, ujumbe wa malipo unaonyesha jina la mtu mwingine. Suluhisho ni rahisi likifanywa mapema: mwombe mwenye laini akutumie ujumbe wa malipo siku hiyohiyo, na mwandikie muuzaji: "Pesa iliyotoka kwenye namba ya jirani yangu ni ya simu yangu niliyoagiza." Muuzaji akijibu "nimeipata", jina limeshaunganishwa na malipo.

Tahadhari: mtu akikupigia akisema anataka kukurudishia pesa, lakini anahitaji namba yako ya siri au ada ndogo kwanza, huyo ni tapeli. Kupokea pesa hakuhitaji namba ya siri.

Bidhaa ikitoka nje ya nchi

Kutoka Tanzania kupitia Kobero. Kama ulimwagiza mfanyabiashara wa Muyinga akununulie na yeye akakuuzia kwa bei yake, muuzaji wako ni yeye. Hawezi kukwambia "mtafute Mchina wa Kariakoo". Yeye ndiye atakayemdai aliyemuuzia. Lakini kama alikuwa mjumbe tu, akanunua kwa pesa yako na kwa jina lako, muuzaji wako ni duka la Tanzania. Kubalianeni tangu mwanzo yeye ni nani. Nchini Tanzania, malalamiko ya walaji na bidhaa bandia hushughulikiwa na Tume ya Ushindani, iliyowekwa na sheria ya mwaka 2003. Kumbuka pia kwamba Juni 2016 Tanzania ilizima simu bandia kwenye mitandao yake. Simu ambayo IMEI yake ya *#06# hailingani na ile ya kwenye boksi ni ya kuikimbia.

Kutoka Kenya. Kenya ina sheria ya ulinzi wa mlaji ya mwaka 2012 yenye vifungu maalumu juu ya mikataba ya intaneti: muuzaji lazima aeleze taarifa muhimu za bidhaa kabla ya kukubaliana. Ukinunua kwenye jukwaa la Kenya, soma masharti ya kurudisha na uheshimu siku zake.

Kutoka Ulaya. Ndugu yako aliyeko Ubelgiji au Ufaransa akinunua simu mtandaoni kwa matumizi yake au zawadi, sheria za Umoja wa Ulaya zinampa siku 14 za kubadili mawazo, na dhamana ya kisheria ya miaka miwili kwa bidhaa mpya. Uingereza, sheria ya mwaka 2015 inampa siku 30 za kukirudisha kitu chenye kasoro na kupata pesa yote. Haki hizo ni za aliyenunua, na zinadaiwa huko. Kwa hiyo mwombe mambo mawili: aijaribu simu huko kabla ya kuituma, na aitunze fakitire. Simu ikifika Gitega baada ya siku 14 bila kuwashwa, nafasi ya kwanza imeshapotea.

Ni kasoro au ni utapeli?

Muuzaji aliyekuletea kitu kibovu bila kujua ana deni kwako. Mtu aliyechukua pesa na kufunga namba, au aliyetuma boksi lenye sabuni badala ya simu, amefanya utapeli. Utapeli ni kosa la jinai Burundi, na mwaka 2022 nchi ilipata sheria ya kupambana na uhalifu wa mtandaoni. Kwa hilo nenda polisi na ushahidi wako.

Usichanganye mambo haya mawili. Wapo wanaokimbilia polisi ili muuzaji afungwe mpaka alipe. Mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na kisiasa, ambao Burundi ni mwanachama, unakataza kumfunga mtu kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mkataba. Leo unaweza kuwa mnunuzi, kesho ukawa muuzaji. Kanuni hii inawalinda wote.

Kama wewe ndiye muuzaji

Vijana wengi, wakimbizi kwa wenyeji, wanaishi kwa kuuza simu, nguo na vifaa vya sola kwenye WhatsApp. Mambo haya yatakulinda:

- Piga picha ya kitu chenyewe, si picha uliyoichukua intaneti.
- Taja kasoro unayoijua kwa maandishi. Mnunuzi aliyeambiwa "betri imechoka" na akakubali hawezi kuidai baadaye.
- Jaribu kitu mbele ya mnunuzi, au mtumie video siku ya kutuma.
- Tunza fakitire ya aliyekuuzia. Bila hiyo, hasara ya mteja itabaki kwako.
- Mteja akilalamika, jibu. Ukimya hugeuza tatizo dogo kuwa jina baya katika kambi nzima.

Kabla ya kutuma pesa

- Pendelea kulipa baada ya kuona. Kama haiwezekani, lipa nusu, nusu nyingine baada ya kujaribu.
- Omba fakitire. Wafanyabiashara walioandikishwa wanatakiwa kutoa fakitire inayotambuliwa na OBR, mamlaka ya mapato.
- Simu iliyotumika iwe imefutwa na haina akaunti ya mtu mwingine. Simu inayodai nywila ya mwenye zamani inaweza kuwa ya wizi, na mkimbizi aliyekutwa nayo atapata shida kubwa kuliko hasara ya pesa.
- Mkubaliane nani anabeba hasara mzigo ukipotea au kuvunjika njiani.
- Kagua siku ya kupokea, mbele ya aliyeleta. Kasoro ya nje iseme papo hapo.

Wapi pa kuuliza

- ONPRA, ofisi ya taifa ya ulinzi wa wakimbizi na wasio na utaifa, na ofisi ya HCR au mashirika yanayofanya nayo kazi kambini. Uliza kuhusu ushauri wa kisheria na kibali cha safari. Huduma zao kwa wakimbizi ni bure. Anayekuomba pesa ili akupeleke kwao, usimpe.
- ABUCO, chama cha walaji wa Burundi, kwa ushauri na malalamiko dhidi ya wafanyabiashara.
- BBN, ofisi ya viwango na udhibiti wa ubora, kwa bidhaa hatari au zisizo na ubora.
- ARCT, mamlaka ya mawasiliano, kwa matatizo ya laini na mitandao ya simu.
- Benki kuu, BRB, inayosimamia huduma za malipo, kama kampuni ya pesa ya simu imekataa kushughulikia malalamiko yako.
- Mahakama ya makazi katika komine yako. Karani anaweza kukueleza jinsi ya kufungua kesi na gharama zake kabla hujaamua.

Kama una kitu kilichoharibika leo, anza na mambo mawili kabla ya jioni: hifadhi ujumbe wa malipo mahali salama, na mwandikie muuzaji. Kila siku unayochelewa inampa yeye hoja.